KACHELEWA DAKIKA 20, KAPEWA USHINDI: Namba ya boti ilivyogombanisha ndugu wa damu

Wadau, kuna ugomvi wa mali, kuna ugomvi wa mapenzi, halafu kuna ugomvi wa namba. Huu wa leo ni wa namba, na umewafanya ndugu wawili wa tumbo moja wapishane sebuleni kwa mama yao kama abiria wa daladala wasiojuana.

Majina kapuni. Dada mwenyewe ni wetu kabisa, binti wa Pangani, umri thelathini na kidogo, kaolewa Uholanzi na Mholanzi mmoja mwalimu wa shule. Wanaishi kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa pwani, upande wa Bahari ya Wadden. Kule maji yakipwa mchanga unatokeza mpaka unahisi unaweza kutembea kwa miguu hadi kisiwa cha pili. Mume ana kaka yake, mtu wa biashara, pesa ipo. Huyo kaka ndiye shemeji wa kisa hiki.

Kinachowakutanisha ni katamarani. Kama hujawahi kuiona, ni boti ya tanga yenye viboti viwili vyembamba vilivyounganishwa, katikati pamewambwa turubai la kukalia. Inakimbia hatari. Upepo ukikaza, upande mmoja unanyanyuka hewani na watu wananing'inia nje kwa waya ili isipinduke. Dada alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Hii si ngalawa iliyosahau mtumbwi wa katikati?" Mume alicheka siku nzima.

Mume ana Hobie 16, boti ya kizamani kidogo. Ilibuniwa California na Hobie Alter, ikaingia sokoni kuelekea mwaka 1970. Urefu wake ni mita 5 na kitu, chini imepinda kama ndizi, na haina ubao wa kushusha majini. Ya kwake kanunua mkononi, na matanga yamepauka kwa jua.

Shemeji ana Formula 18. Urefu mita 5.52, uzito kilo 180, mbao mbili za kushusha chini ili boti isiteleze pembeni inapopanda upepo, na tanga la ziada la mbele linalofura kama puto upepo ukitoka nyuma. Yaani mmoja yuko kwenye IST ya mkononi, mwenzake yuko kwenye gari la mashindano.

Sasa hawa watashindana vipi?

HENDIKAPU YA MAJINI

Wale wa mikeka mnaijua hendikapu. Timu ndogo inapewa bao la bure kabla mpira haujaanza, halafu ndipo watu wanaweka hela. Kwenye boti wazo ni hilohilo, ila wanachogawa si mabao, ni muda.

Kila aina ya boti inapewa namba yake. Uholanzi wana mfumo unaoitwa Texel, jina la kisiwa chao. Hapo ndipo yanafanyika mbio maarufu za katamarani za kuzunguka kisiwa kizima, karibu kilomita 100, tangu mwaka 1978. Wanapima urefu wa boti, uzito, ukubwa wa matanga, kama ina mbao za chini au haina, kama ina lile tanga la puto au haina. Vipimo vinaingia kwenye kanuni, inatoka namba. Boti ya kasi inapata namba ndogo, boti ya taratibu inapata namba kubwa.

Mkishafika, muda wako unazidishwa kwa 100 kisha unagawanywa kwa namba yako. Tuseme boti ya shemeji ina namba 100 na ya mume ina 120. Namba zimezungushwa hapa ili hesabu iwe nyepesi. Shemeji akitumia dakika 60, anabaki na 60 zake. Mume akitumia dakika 70, zinageuka dakika 58 na sekunde 20. Kafika dakika 10 nyuma, kashinda.

Hakuna hila hapo. Kila mtu anaijua namba yake kabla hajaingiza boti majini. Ila ukweli mmoja kuhusu binadamu ni kwamba kanuni ya mchezo huwa haimuumi mpaka siku imemkata yeye.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa mbio ya klabu, Jumamosi, boti kama kumi na tano. Upepo wa wastani, mwezi umejaa, kwa hiyo bamvua. Kwenda ilikuwa rahisi kwa sababu maji yalikuwa yameanza kupwa na yanawasukuma kuelekea nje. Kazi ilikuwa kurudi: mkondo unakuja usoni, upepo nao unatoka usoni, inabidi kubisha, zigizaga mpaka nyumbani.

Shemeji alizunguka boya la mbali akiwa mbele sana. Akarudi katikati ya mkondo kwenye kina, maana mbao zake zikiwa chini hawezi kucheza na mchanga. Akizinyanyua, boti inateleza pembeni.

Nyuma huko, dada akamwambia mume wake, "Tusiwafuate. Pita juu ya fungu."

Mume akasita. Fungu la mchanga lilikuwa na maji ya kiunoni tu, na yanazidi kupungua. Dada akamwambia tena kwamba pale maji ni machache, kwa hiyo mkondo hauna nguvu, na boti yao haina ubao wa kukwama. Hata usukani wa Hobie ukigusa chini unanyanyuka wenyewe. Mtoto wa Pangani, aliyekua anaangalia ngalawa zikirudi na maji ya kupwa kwenye mdomo wa mto, hahitaji ramani kwa hilo.

Wakapita juu ya fungu. Boti nyingine zilizokuwa jirani yao zilibaki kwenye kina zikipigana na mkondo kama mtu anayepanda ngazi ya umeme inayoshuka.

Shemeji alivuka mstari kwa saa 2 kamili. Akatoa boti majini, akabadilisha nguo, akaagiza kahawa. Wao wakavuka kwa saa 2 na dakika 20. Ikapigwa hesabu: dakika 140 mara 100 gawanya kwa 120, ni saa 1, dakika 56 na sekunde 40. Wameshinda kwa dakika 3 na sekunde 20.

Shemeji akaweka kikombe mezani. Alichosema kilikuwa kwa Kiholanzi, lakini kwa Kiswahili cha sasa hakina tafsiri nyingine: "Mmebebwa na kikokotoo."

Watu wakacheka. Angeishia hapo yangeisha. Akaendelea kwamba ukiwa na namba kubwa na mke wa kilo hamsini boti inaenda yenyewe, kazi ya huyu ni kuwa mwepesi tu.

Dada akamwangalia mume wake, akisubiri aseme neno moja, kwamba njia ya kwenye fungu kaichagua nani. Mume akainama anafungua viatu.

SHEMEJI ANA HOJA LAKINI

Kabla hujamtukana shemeji kwenye maoni, subiri. Maneno yake yalikuwa mabaya, ila ndani yake kulikuwa na hoja, na dada mwenyewe aliligundua hilo. Usiku huo hakulala. Alikaa na simu anasoma namba hizi zinatengenezwaje.

Cha kwanza alichokiona ni kwamba namba inapima boti, haipimi siku. Ni moja tu kwa upepo wa kuvuta karatasi na kwa upepo wa kung'oa mabati. Lakini boti hazibadiliki kwa kiwango kimoja. Kuna boti inayopenda upepo mdogo na kuna inayoamka upepo ukikaza. Kwa hiyo kuna siku namba inakubeba na kuna siku inakutupa, na wewe hujafanya lolote.

Pili, mkondo. Hesabu inadhani bahari imetulia kama beseni. Aliye mbele anaweza kumaliza kabla maji hayajageuka, wa nyuma akakutana nayo usoni. Au kinyume chake. Siku ya mbio ile, kukosa ubao, kitu ambacho boti yao ilipewa nafuu kwa sababu yake, ndicho kilichowasaidia. Hapo shemeji ana haki ya kukunja uso.

Tatu, uzito. Kanuni inachukua uzito wa kawaida wa watu wawili, haijui nyie mmekula nini. Ni kweli mtu mwepesi anasaidia upepo ukiwa mdogo. Ila upepo ukikaza, mtu mwepesi kwenye waya ni mzigo kwa mwenzake, maana boti inataka kupinduka na hakuna kilo za kuishikilia chini. Wenye Formula 18 hilo wamelitafutia dawa ndani ya mchezo wao: timu nyepesi inatumia matanga madogo, timu nzito makubwa. Kwenye mbio za Hobie 16 peke yake kuna kiwango cha chini cha uzito, na mkipungua mnabeba uzito wa ziada.

Nne, na hili liko upande wake yeye: rula haioni uzee. Tanga lililopauka la mume na tanga lililotoka dukani wiki jana, ukubwa ukiwa sawa, kwenye karatasi ni kitu kimoja. Hakuna anayekupa dakika kwa sababu huna hela ya tanga jipya.

Akaona pia kwamba Uingereza wana njia nyingine ya zamani, inaitwa Portsmouth. Kule hawaanzi na rula. Wanakusanya matokeo ya klabu, wanaangalia aina gani ya boti huwa inamaliza kwa muda gani, namba inapatikana hapo. Inasikika ya haki zaidi, si ndiyo? Sasa fikiria aina fulani ya boti ikapendwa na mafundi watupu. Matokeo yao yatakuwa mazuri, namba itakazwa, halafu mwanafunzi aliyenunua boti hiyohiyo jana atahukumiwa kwa ufundi wa watu wengine. Rula haimjui mtu. Matokeo yanamjua, ila yanamchanganya na boti yake.

Na kama unadhani wakubwa wameshalitatua, angalia Olimpiki. Katamarani aina ya Tornado ilikuwepo tangu 1976 hadi 2008, kisha Nacra 17 ikaingia Rio 2016, na kuanzia michezo ya Tokyo inanyanyuka juu ya maji kwa mabawa yaliyoko chini yake. Huko hakuna hendikapu kabisa. Wote wanapanda boti ya aina moja, anayetangulia kufika ndiye mshindi wa mbio hiyo.

VOISI KUTOKA PANGANI

Asubuhi dada akamtumia voisi kaka yake, nahodha wa ngalawa huko nyumbani. Akaeleza yote. Voisi ya kurudi ilianza na kicheko cha kama sekunde kumi.

"Yaani umefika wenzako wanakunywa kahawa, halafu ukapewa zawadi? Huko Ulaya mna raha."

Kisha akatulia. "Sasa dada'ngu, matanga yenu yanalingana?"

"Hayalingani kaka."

"Basi mgepanga wenye matanga madogo peke yao, wakubwa peke yao. Mkishakubali kuchanganyana, kubalini na hayo mahesabu yenu. Huwezi kukubali mahari halafu ugombee siku ya harusi."

Dada akacheka. Akajibu kwamba kinachomuuma si mahesabu. Kinachomuuma ni kwamba mume wake alikaa kimya.

Kaka akachukua muda kujibu hiyo. "Hilo halina namba. Mwambie mwenyewe."

UPEPO UKAGEUKA

Wiki mbili baadaye mbio nyingine, na safari hii upepo mkali. Dada kwenye waya anaruka kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Mara mbili walikaribia kupinduka, wakalazimika kulegeza matanga muda wote. Shemeji na mwenzake, majitu mawili ya maana, walipita kama wanafukuzwa. Walishinda kwa saa na wakashinda kwa hesabu, tena kwa mbali.

Hakuna aliyesema kikokotoo. Shemeji hakukumbuka kwamba namba ni ileile ya juzi, wala kwamba kilo hamsini ileile safari hii ilikuwa inawagharimu ndugu zake. Alipokea makofi, akashukuru.

Ndipo mume akaropoka, "Leo namba imekubeba wewe." Shemeji akamjibu vibaya, naye akajibu vibaya zaidi, yakatoka mpaka ya boti ya marehemu baba yao, nani alipewa na nani alinyimwa. Miezi miwili hawakusemeshana. Mama mkwe alipofikisha miaka 75, keki ilikatwa mmoja yuko jikoni, mwingine yuko bustanini.

Huko jikoni ndiko dada alikomwambia mume wake. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Kaka yako alisema kazi yangu ni kuwa mwepesi, na wewe ulikuwa unafungua viatu. Umegombana naye kwa sababu ya namba. Kwa sababu yangu hukugombana."

Mume alisimama na sahani mkononi muda mrefu. Halafu akaenda bustanini. Aliyoyasema huko hayakusikika yote, ila mama mkwe, ambaye masikio yake bado mazima, alirudi ndani akamuuliza dada, "Kumbe siku ile wewe ndiye uliyechagua njia?"

BOTI ZINALINGANA, SASA JE?

Mwisho wa msimu klabu iliazima Hobie 16 kadhaa, ikapangwa mbio ya boti za aina moja. Bila namba wala kugawanya. Shemeji akachukua moja. Boti ya mume ikaingia pia, ila safari hii usukani alishika dada, mume akakaa mbele kwenye kamba.

Waliongoza karibu nusu ya njia. Mwishoni shemeji akawapita, akavuka mbele kwa sekunde chache tu. Hakuna cha kukokotoa, kashinda kashinda.

Basi unadhani amani ilitawala? Boti haijafika hata ufukweni, mume keshaanza: tanga la boti ya kuazimwa ni jipya, letu ni la zamani, hii si haki. Dada akamwambia anyamaze amsaidie kuvuta boti.

Shemeji akaja akashika upande wa pili wa boti bila kuombwa. Wakaivuta wote watatu mpaka kwenye mchanga mkavu. Halafu, mara ya kwanza tangu dada aolewe kwenye familia ile, akamuuliza swali la bahari yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mume wake: "Shemeji, pale kwenye kona ya pili ulijuaje mkondo umepungua?"

Akaanza kumwelekeza, kwa mikono, anachora kwenye mchanga. Mume bado alikuwa nyuma anakagua tanga.

Namba ya Hobie 16 haijabadilika, na msimu ujao itatumika tena, boti ndogo na kubwa pamoja. Wote watatu wameshajiandikisha.

Haya wadau, uwanja wenu. Aliyetangulia kufika ndiye mshindi basi, au mwenye boti ndogo apewe muda wake? Na wewe ungekuwa mume, siku ile ungefungua viatu au ungeongea? Shusheni maoni hapo chini, matusi hapana.